Treni ndogo za mezani zilizoonyesha kwamba kitu cha bure nacho kina mwenyewe



Mara ngapi mmeona picha iliyopigwa na kijana wa hapa kwetu, ya daraja lililobebwa na maji au ya soko lililoungua, ikizunguka kwenye simu na kwenye kurasa za watu wengine bila jina la aliyeipiga? Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilipomuuliza aliyeichukua picha yangu, alinijibu: "Si uliitoa bure? Sasa unadai nini?" Siku hiyo nilikosa la kusema.

Jibu nilikuja kulikuta mahali nisipotazamia, katika historia ya watu wazima wanaocheza na treni ndogo mezani. Msicheke. Watu hao, kwa kutaka tu kuendesha treni zao vizuri, walijitengenezea mitambo ya umeme kwa mikono yao, wakagawana maarifa bila malipo, na mwishowe wakafika mahakamani Marekani kuulizwa swali lilelile nililoulizwa mimi. Nawaletea historia hiyo tangu mwanzo.

TRENI MBILI, RELI MOJA

Watoto wetu hutengeneza magari kwa nyaya na mikebe ya sardini. Ulaya na Marekani, wengi wanaotengeneza treni ndogo ni wazee na vijana wenye kazi zao: walimu, mafundi, maofisa waliostaafu. Kipimo kinachopendwa sana ni cha 1 kwa 87, yaani treni ya kweli imepunguzwa mara 87, na kichwa chake kinatosha kiganjani. Mezani wanajenga stesheni, madaraja, milima ya plasta na miji yenye taa.

Ndani ya kichwa cha treni mna mota ndogo. Umeme wake haupiti kwenye waya wa juu, unapita kwenye reli zenyewe: reli moja chanya, nyingine hasi, kiasi cha volti 12, umeme wa aina ya betri. Ukiongeza volti, treni inakimbia. Ukipunguza, inapunguza mwendo. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma.

Kwa treni moja, mambo ni mazuri. Ukiweka ya pili juu ya reli hizo, shida inaanza. Umeme haujui kuchagua. Ukitaka treni ya abiria iondoke na ya mizigo ingoje, zote mbili zinaondoka. Ukisimamisha moja, zote zinasimama. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kukata reli vipande-vipande na kuweka swichi kwa kila kipande. Mwenye meza kubwa alijikuta na makumi ya swichi na nyaya chini ya meza kama mizizi ya mti, na mwendeshaji akawa mtumwa wa swichi: treni inasogea, naye anakimbiza umeme mbele yake ili isizimike.

WANAFUNZI NA VYUMA VYA SIMU

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika chuo cha teknolojia cha MIT, jimbo la Massachusetts, wanafunzi waliunda klabu ya treni ndogo. Iliitwa Tech Model Railroad Club, nayo ilikaa katika jengo la mbao lililojengwa wakati wa vita kuu ya pili. Kulikuwa na waliopenda kupaka rangi vichwa vya treni na kupanda miti ya bandia. Na kulikuwa na wengine waliopenda kukaa chini ya meza.

Hao wa chini ya meza walikusanya vifaa vya simu vilivyokwisha tumika: rilei, yaani swichi zinazofunguliwa na kufungwa na umeme wenyewe, na vidude vya kuzungusha namba. Kwa vifaa hivyo walijenga mtambo mkubwa ulioruhusu waendeshaji kadhaa kuendesha treni zao kwa pamoja, kila mmoja yake. Rilei ina hali mbili tu, imefungwa au imefunguliwa, na ndiyo hesabu ya sifuri na moja ambayo kompyuta zote huitumia. Ndiyo maana kompyuta za kwanza zilipofika chuoni, vijana hao walikuwa mstari wa mbele. Neno "haka", ambalo leo watu wanalitumia kumtaja mwizi wa kompyuta, lilipata maana yake ya kwanza katika klabu hiyo, nalo lilikuwa sifa: fundi anayefungua kitu, akakielewa, akakifanya kifanye jambo ambalo hakikukusudiwa.

Desturi yao moja inatuhusu hapa: aliyevumbua kitu alikiweka wazi, mwingine akakichukua na kukiboresha.

KILA KIWANDA NA LUGHA YAKE

Wazo la kuiita kila treni kwa jina lake halikuwa jipya. Mwaka 1946 kampuni ya Lionel ya Marekani iliuza treni zilizoamrishwa kwa mawimbi ya redio. Katika miaka ya 1960 General Electric ikatoa mtambo wa Astrac, ulioweza kutenganisha treni tano kwenye reli moja. Lakini mitambo hiyo ilikuwa ghali na haikuenea.

Mwisho wa mwaka 1979 jarida la Model Railroader lilianza kuchapisha michoro ya mtambo ulioitwa CTC-16, kazi ya Keith Gutierrez. Uliweza kuendesha vichwa 16, kila kimoja peke yake. Jambo kubwa ni kwamba msomaji alipewa mchoro wenyewe: chipu gani anunue, kipi akiunganishe na kipi, alehemu wapi. Mtu wa kawaida mwenye pasi ya kulehemu aliweza kukaa jikoni kwake usiku na kujitengenezea.

Viwanda navyo viliingia. Hornby wa Uingereza akaja na mtambo wa Zero 1, na katikati ya miaka ya 1980 Märklin wa Ujerumani akaja na wake. Ndani ya kila kichwa cha treni sasa mlikuwa na kipande kidogo cha elektroniki kinachoitwa dikoda. Kinasikiliza amri zinazopita kwenye reli, na kikisikia namba yake kinatii.

Tatizo jipya likazaliwa. Dikoda ya kiwanda hiki haikuelewa lugha ya kiwanda kile. Ukinunua mtambo wa kampuni fulani umeoa ukoo mzima: vichwa vyote utanunua kwao, na siku wakifunga milango, meza yako imekufa.

LUGHA MOJA KWA WOTE

Marekani kuna chama cha wapenzi wa treni ndogo kinachoitwa NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935. Kazi yake ya zamani ilikuwa kupatanisha vipimo, ili gurudumu la kiwanda kimoja liingie kwenye reli ya kiwanda kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama hicho kilitafuta lugha moja ya amri. Kilichunguza mitambo iliyokuwepo, kikachagua msingi uliotengenezwa na kampuni ya Lenz ya mji wa Giessen, Ujerumani. Mwaka 1994 kanuni zikapitishwa, na jina lake ni DCC. Kiwanda chochote, na mtu yeyote, akaruhusiwa kuzifuata.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Umeme wa relini haukai tena upande mmoja. Reli ya kulia inakuwa chanya, kisha hasi, kisha chanya, maelfu ya mara kwa sekunde. Muda wa kila mgeuko ndio herufi. Kila nusu ikidumu mikrosekunde 58, yaani sehemu 58 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja, dikoda inasoma "moja". Ikidumu mikrosekunde 100 hivi au zaidi, inasoma "sifuri".

Ujumbe unatanguliwa na mfululizo wa moja-moja, angalau 14, kama mtu anayepiga hodi kabla ya kusema. Inafuata sifuri, kisha namba ya kichwa kinachoitwa, kisha amri yenyewe: mbele, nyuma, kasi kiasi gani, washa taa. Mwishoni inakuja namba ya kuhakiki. Dikoda inapiga hesabu. Isipolingana, inautupa ujumbe na kungoja mwingine, maana kituo cha amri hurudia maneno yake bila kuchoka. Na umeme uleule unaobeba ujumbe ndio unaozungusha mota. Waya ni mbili tu, treni ni nyingi, na kila moja inakwenda kwa amri yake.

Kwa kuwa kanuni zilikuwa wazi, mafundi wa nyumbani walifurahi. Uingereza kuna chama cha MERG, kilichoanza mwaka 1967 kwa ajili ya elektroniki za treni ndogo. Wanachama wake huchora saketi na kugawiana. Ujerumani, Wolfgang Kufer alitoa mradi wa OpenDCC wenye michoro na programu za kituo cha amri. Aliyetaka kujenga hakulazimika kumpigia mtu magoti.

MWALIMU WA FIZIKIA NA BARUA YA DENI

Robert Jacobsen ni mwanafizikia wa chuo kikuu cha California, mjini Berkeley, na mpenzi wa treni ndogo. Karibu na mwaka 2000 alianzisha mradi wa programu unaoitwa JMRI, wa kuunganisha kompyuta na reli za mezani. Watu wengi walijiunga naye kwa kujitolea.

Sehemu moja ya kazi yao ilikuwa ya kuchosha sana. Kila dikoda ina orodha ya namba zinazopanga tabia zake: kasi ya juu, namna ya kuondoka taratibu, nguvu ya taa. Orodha ya kiwanda hiki si ya kiwanda kile. Wana JMRI waliziandika orodha hizo moja baada ya nyingine kwenye faili, ili mwenye treni achague tu jina la dikoda yake na kupanga kila kitu kwenye skrini. Walizitoa bure, chini ya leseni yenye masharti mepesi: tumia, badilisha, gawa, lakini hifadhi majina ya walioandika, onyesha zilikotoka, na eleza ulichobadilisha.

Mwaka 2005 Jacobsen alipokea barua. Matthew Katzer, mwenye kampuni ya KAMIND huko Oregon iliyouza programu za treni ndogo, alikuwa na hataza iliyotolewa mwaka 2003. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake. Alidai kwamba JMRI inaingia ndani ya haki hiyo, na alitaka dola 29 kwa kila nakala. Kwa nakala zilizohesabiwa kuwa elfu saba, deni lilipita dola 200,000. Mwalimu alikuwa anadaiwa pesa hizo kwa kitu ambacho hakuwahi kukiuza hata kwa senti moja.

Wengi wetu tungefunga mradi na kunyamaza. Jacobsen hakunyamaza. Mwezi wa tatu mwaka 2006 alikwenda mwenyewe mahakamani, California, kuomba itamkwe kwamba hadaiwi. Kesi hiyo inaitwa Jacobsen dhidi ya Katzer.

Jambo lingine likaingia katika kesi. Programu ya KAMIND iliyoitwa Decoder Commander ilikuwa na sehemu za zile faili zilizoandikwa na wana JMRI, bila majina yao, bila taarifa ya hakimiliki yao, bila kusema zilikotoka. Mbele ya mahakama ya rufaa upande wa Katzer haukubisha kwamba sehemu hizo zilinakiliwa. Ulisema umekwisha acha, na kwamba walichovunja, kama walivunja, ni mapatano tu, si hakimiliki.

"ULIITOA BURE, UMEPATA HASARA GANI?"

Hapa ndipo penye mfupa. Ukivunja mapatano, mahakama huuliza: mwenzako amepata hasara ya pesa ngapi? Kwa kitu kilichotolewa bure, jibu la haraka ni sifuri. Lakini ukivunja hakimiliki, mahakama inaweza kukuzuia kabisa usiendelee. Kama masharti ya leseni ya bure ni mapatano tu, basi kila anayetoa kazi yake bure anabaki na neno lisilo na meno.

Mwezi wa nane mwaka 2007 jaji wa kwanza alikataa kuwazuia wakina Katzer. Aliona ni suala la mapatano. Jacobsen akakata rufaa.

Sasa wakubwa wakashtuka. Watu waligundua kwamba swali si la treni tena. Programu nyingi zinazoendesha kompyuta za dunia zimetolewa kwa leseni za namna hiyo. Mashirika kadhaa, likiwemo Creative Commons na Wikimedia Foundation inayosimamia Wikipedia, yaliingia kama marafiki wa mahakama kumuunga mkono mwalimu wa treni. Hata Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo wanafunzi wetu huisoma, inasimama juu ya ahadi hiyo: chukua, lakini sema ulikotoa.

Tarehe 13 mwezi wa nane mwaka 2008 mahakama ya rufaa mjini Washington ilitoa hukumu. Majaji walisema kwamba kukosekana kwa pesa hakumaanishi kukosekana kwa faida. Anayetoa kazi bure kwa masharti anapata kitu: jina lake linajulikana, watumiaji wanarudi kwake, wengine wanamsahihishia na kumboreshea kazi. Masharti yale ni masharti ya kweli, na anayeyaruka anatoka nje ya ruhusa aliyopewa, hivyo hakimiliki inaweza kumkamata.

Kesi ilirudi chini na haikuisha kwa siku moja. Awali, kesi ikiendelea, Katzer alikuwa ameiachilia hataza yake mwenyewe. Mwezi wa pili mwaka 2010 pande mbili zilipatana: Jacobsen alipwe dola 100,000, na faili za JMRI zisitumiwe tena kwa njia ile. Aliyedaiwa dola laki mbili ndiye aliyelipwa.

BAADA YA KESI

JMRI haikufa. Mwaka 2015 Gregg Berman, mpenzi mwingine wa treni, alitoa mradi wa DCC++. Alichukua Arduino, ile bodi ndogo ya bei nafuu iliyozaliwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, akaweka juu yake bodi nyingine iliyotengenezwa kuzungusha mota za roboti. Bodi hiyo inajua kugeuza umeme, mbele na nyuma. Na DCC, kama tulivyoona, ni umeme unaogeuka kwa muda uliopimwa. Kwa hiyo bodi mbili za duka la kawaida, waya chache na programu ya bure zikawa kituo cha amri. Inapima pia umeme unaotoka, na ikitokea shoti, kwa mfano kichwa kikianguka na kugusisha reli mbili, inakata kabla ya kitu kuungua. Ukiunganisha na kompyuta yenye JMRI, unaendesha meza nzima hata kwa simu ya mkononi. Leo kundi la watu wa kujitolea linauendeleza mradi huo kwa jina la DCC-EX.

Tazameni mnyororo huo: vyuma vya simu vya wanafunzi, michoro ya jarida, kanuni zilizofunguliwa kwa wote, faili za JMRI, bodi ya Kiitaliano. Ungekatika mahali pamoja tu, kila mtu angebaki na lugha yake na waya zake.

Kwetu hapa sijaona mwenye treni ya mezani. Lakini tuna mafundi wanaofufua redio na simu kwa kuchanganya vipande vya mashini tatu zilizokufa, na kazi yao ni ileile ya wale vijana wa chini ya meza. Tuna wapiga picha, waimbaji, na wanaoandika masomo na kuyatuma kwenye makundi ya simu. Hukumu ile ni ya Marekani, haifungi majaji wetu. Hata hivyo Congo ina sheria yake ya haki za waandishi, ya tarehe 5 mwezi wa nne mwaka 1986, inayolinda kazi za akili, zikiwemo maandishi, muziki na picha.

Kitu kimoja Jacobsen alikuwa nacho ambacho mimi sikuwa nacho siku ile: masharti yake yalikuwa yameandikwa, pamoja na faili, kabla ya mtu yeyote kuchukua. Laiti asingeyaandika, majaji wasingekuwa na cha kusoma. Kwa hiyo tangu sasa kila picha yangu itabeba jina na mstari mmoja chini: chukua bure, taja ulikoitoa. Fundi anayechora saketi na kuigawa afanye hivyohivyo, hata kwa kalamu pembeni ya karatasi.

Na yule ndugu aliyeniuliza ninadai nini, akisoma hapa, jibu lake ni hili: sidai pesa. Nadai jina langu.